Mama Haika Yuko Mwambani

Leonard alikiona kiboksi cha dawa asubuhi, alipokuwa akitafuta majani ya chai. Kilikuwa nyuma ya kopo la sukari, cha plastiki ya buluu, chenye vyumba saba vya siku saba, na vyumba vyote saba vilikuwa vimejaa. Alikitikisa. Vidonge vikagongana ndani. Akakiweka mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai, akavuta kiti akakaa, na chai akaisahau.

Zilikuwa dawa za presha za mkewe. Na mkewe, Gaudensia, ambaye Watanzania wote wa Lewisham walimwita Mama Haika, hakuwa London. Alikuwa Marekani, katika jimbo la Colorado, na siku hiyo hiyo alikuwa apande ngazi ya mbao iliyoegeshwa kwenye ukuta wa jabali, akaone nyumba za watu waliohama miaka mia saba iliyopita.

Hamu hiyo ilimwingia kazini. Kwa miaka mingi alimhudumia bibi mmoja wa Kiingereza huko Thornton Heath, mjane, na ukutani mwa chumba cha bibi yule kulikuwa na picha. Kila asubuhi Gaudensia alipomwosha na kumvika, macho yake yalikwenda pale: nyumba za mawe zilizojengwa ndani ya pango kubwa, katikati ya genge, rangi yake kama ya ukoko wa mkate, madirisha yake madogo na meusi. Bibi alimwambia kwamba alifika kule akiwa msichana, na kwamba kimya cha kule kinakusikiliza. Jioni Gaudensia alirudi nyumbani na maneno hayo kama mtu aliyerudi na zawadi.

"Wamejenga kama mbayuwayu," alimwambia Leonard. "Fikiria mwanamke amebeba maji mgongoni, anashika mwamba kwa vidole."

Leonard na mkewe walikuwa watu wa Kilema, mlimani Kilimanjaro, na utotoni wote wawili walionyeshwa midomo ya mapango ambamo mababu walijificha na ng'ombe wao wakati wa vita. "Wale walipanda, sisi tulichimba," Gaudensia alipenda kusema. "Woga ni ule ule."

"Basi kama ni woga," Leonard alijibu, "upo hapa hapa ndani, wa kutosha. Huna haja ya kuufuata kwa ndege."

Hakuwa anatania. Leonard alikuwa fundi wa lifti. Kwa zaidi ya nusu ya umri wake alihudumia lifti za maghorofa ya halmashauri, kusini mwa London, na kazi ya fundi wa lifti ni kuogopa kwa niaba ya wengine. Mama mwenye kigari cha mtoto anabonyeza kitufe huku akiwaza chakula cha jioni, kwa sababu kuna mtu mwingine ameshawaza kamba ikikatika, breki ikiteleza, mlango ukifunguka mahali pasipo na sakafu. Leonard alistaafu mwaka uliopita. Woga wake haukustaafu. Ulibaki nyumbani mchana kutwa, ukakosa lifti ya kukagua, ukaanza kumkagua Gaudensia.

Na sababu ilikuwapo. Majira ya kuchipua yaliyopita Gaudensia alianguka sokoni Lewisham, mbele ya meza ya nyanya, akazinduka watu wamemzunguka na muuzaji akimpepea kwa kipande cha boksi. Daktari alimwongezea dawa. Miezi miwili baadaye Jane, Mwingereza aliyefanya naye kazi na kustaafu naye, alileta habari za safari ya Colorado, na Gaudensia akakubali kabla hajaimaliza chai yake.

"Uzee huu unaparamia majabali?" Leonard aliuliza.

"Uzee gani? Wangu au wako?"

Kwa hiyo walinuniana. Siku ya safari Leonard hakumsindikiza uwanja wa ndege. Kwao Kilema mgeni husindikizwa hata kama mmetoka kugombana naye, angalau hadi mwisho wa migomba, na yeye mke wake mwenyewe hakumfikisha hata kwenye lifti. Alikaa mbele ya televisheni, akatazama mpira ambao hakujua nani anacheza.

"Baba Haika, nakwenda," Gaudensia alisema mlangoni.

"Haya."

Basi, hilo tu. Na sasa, akiwa na kiboksi kile mezani, neno hilo lilikuwa likimrudia. Kama mkewe angeanguka leo kutoka mwambani, kitu cha mwisho alichokipata kutoka kwa mumewe, baada ya maisha mazima, kingekuwa ni "haya".

Alipiga simu. Haikupatikana. Akapiga ya Jane, nayo vile vile. Akaanza kusikiliza tena ujumbe wa sauti ambao Gaudensia aliutuma usiku wakati yeye amelala.

"Baba Haika, hujambo. Najua umenuna, lakini nisikilize. Leo tumetazama kutoka ng'ambo ya korongo. Nimeona nyumba, watu wamejenga hadi wamegusa dari ya pango! Kesho tunaingia. Ila kule bondeni mtandao haukamati kabisa, kwa hiyo usihangaike na simu. Kuna ngazi ndefu, halafu wakati wa kutoka unatambaa kwa magoti kwenye tundu, Jane anasema anaogopa kunasa kiuno." Akacheka. "Huku ni juu sana, hewa nyembamba kama ya nyumbani ukikaribia msitu. Haya, lala salama."

Hewa nyembamba. Leonard aliurudisha ujumbe nyuma. Hewa nyembamba, alisema, na akacheka, lakini katikati ya kicheko alivuta pumzi. Leonard alizijua sauti za mashine zinazokaribia kuchoka. Akausikiliza tena, na kila mara pumzi ile ikawa ndefu zaidi.

Akampigia binti yao. Haika alizaliwa London na sasa alikuwa na ofisi yake Kingsbury, akiwafanyia watu hesabu za kodi. Alimwelewa baba yake neno kwa neno na kumjibu kwa Kiingereza, kama siku zote. Alisema mama ni mtu mzima. Alisema Jane yupo naye. Alisema yuko kwenye kikao, atapiga baadaye, na kwamba baba anywe chai.

Leonard hakunywa. Alizunguka sebuleni. Huko Colorado palikuwa hapajapambazuka. Mchana wote wa London ulikuwa mbele yake kabla Gaudensia hajaikanyaga ile ngazi, na hakuwa na waya wa kumfikia. Alikumbuka simu yake ina picha ya Gaudensia, aliyopigwa siku Haika alipohitimu chuo: gauni jeupe, kitambaa cheupe kichwani, anacheka na jua. Hakuna picha nyingine iliyomtoa vizuri kama ile. Aliiweka kwenye stetasi yake ya WhatsApp. Akaongeza alama za mikono inayosali, na mishumaa miwili, kwa sababu mama yake mzazi alikuwa akiwasha mshumaa mbele ya Bikira Maria kila mtu wa nyumbani alipokuwa safarini. Maneno hayakumjia, akaiacha hivyo hivyo. Kisha akailaza simu kifudifudi, akaondoa sauti ya watu wote isipokuwa Gaudensia na Jane ili asikose mlio wao, na akajilaza kwenye kochi.

Kengele ya mlango ilimwamsha. Alikuwa ni Ambrose, mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisani, amevaa suti nyeusi katika joto la Juni. Alimkumbatia Leonard, akamshikilia muda mrefu, hata Leonard akasikia moyo wa mwenzake ukidunda.

"Pole sana, kaka."

"Asante. Umejuaje?"

"Wote tumejua, kaka. Hatuwezi kukuacha peke yako."

Leonard alidhani ni Haika aliyewaambia habari za dawa, na machozi yakamlengalenga kwa wema wa watu hawa, waliojali hata vidonge vilivyosahaulika. Aliufungua mlango wote. Nyuma ya Ambrose lifti ilifunguka, wakatoka wanawake sita na sufuria, mchele, mkungu wa ndizi na birika lile kubwa la parokia. Aliyetangulia alikuwa Aikaeli, ambaye hakuna shughuli ya Watanzania wa kusini mwa London iliyopikwa bila yeye. Kila mmoja alimpa Leonard mkono, akainamisha kichwa, akapita. Walisogeza kochi ukutani kama wenye nyumba. Wakatandika mikeka. Mmoja akaifunika televisheni kwa kanga.

Leonard alisimama katikati ya sebule yake. Kwa ajili ya dawa tu?

Ambrose alimshika kiwiko, akamvuta kando ya dirisha. Akashusha sauti.

"Kaka, unisamehe kuuliza mapema, lakini watu wa mipango wanataka kujua. Mwili. Tutaupumzisha huku, au tumpeleke Kilema?"

Sakafu iliondoka. Ndivyo Leonard alivyosikia miguuni, kile hasa alichokiogopa miaka yote: mlango umefunguka na hakuna sakafu. Alikaa chini bila kuona anakaa wapi. Kwa hiyo wamepata habari. Wamempata Haika, au ubalozi, au Jane. Kila mtu ameshajua isipokuwa yeye, aliyekuwa amelala kwenye kochi. Aliona ngazi. Aliona mkono wa Gaudensia ukiachia.

"Nani," alisema. "Nani amewaambia?"

"Kaka, usijitese."

"Nani amewaambia, Ambrose!"

Ndipo akaingia Wambui, muuguzi Mkenya wa ghorofa ya chini, bado na sare ya hospitali, ameshika thamosi ya uji. Alimwona mzee sakafuni, akapiga magoti, akamshika mkono kupima mapigo, na wakati huo huo akageuza kichwa.

"Hebu ngojeni kwanza. Nani alipigiwa simu kutoka Amerika?"

Aikaeli alichungulia kutoka jikoni.

"Mimi nilielezwa na Ambrose," alisema Aikaeli.

"Mimi nilipigiwa na katibu," alisema Ambrose, "na katibu aliona stetasi."

"Stetasi ya nani?"

"Ya mwenyewe mfiwa. Ya Baba Haika."

Wambui alichukua simu ya Ambrose, akaitazama, kisha akaigeuza Leonard aione. Gaudensia alicheka na jua, katika gauni jeupe, mikono ikimwombea huku na huku, mishumaa miwili chini yake.

Wambui alifumba macho kidogo.

"Sasa mzee wangu. Picha ya mtu, bila neno hata moja, na mishumaa juu. Ulitaka tuelewe aje?"

"Ni mishumaa ya kumwombea! Amesahau dawa. Anapanda ngazi."

"Aki wewe! Umeua bibi yako kwa bando!"

Mtu mmoja alicheka, akajiziba mdomo. Aikaeli alitokea mlango wa jikoni na mwiko mkononi.

"Kwa hiyo hajafa?"

Leonard alimtazama. Wote walimtazama yeye.

"Sijui," alisema.

Na hapo kicheko kikakauka. Hakuna aliyejua afanye nini. Kuondoka ilikuwa vibaya. Kukaa, vile vile. Mchele ulikuwa umeshatiwa maji. Mwanamke aliyefunika televisheni aliitoa kanga, akafikiri, akairudisha. Wambui alikiona kiboksi mezani, akasoma jina la dawa, akasema kwamba siku chache si mwisho wa dunia kwa watu wengi, lakini hakusema kwa nguvu, kwa sababu alikuwa mmoja wa waliomtembelea Gaudensia alipoanguka sokoni.

"Yuko juu sana?" aliuliza.

"Anasema hewa nyembamba."

Wambui akakirudia kiboksi, akahesabu vidonge upya, na Leonard akamwona.

Mlango ukagongwa kwa viganja. Alikuwa Haika. Alikuwa ametoka Kingsbury, akavuka mji mzima hadi Lewisham, ndani ya treni akipokea pole juu ya pole kutoka kwa watu wa Tanzania, Ujerumani na Leicester, na kila alipompigia baba yake simu haikupokelewa. Viatu alivishika mkononi. Aliangalia mikeka, sufuria, suti nyeusi ya Ambrose.

"Baba," alisema kwa Kiswahili, kile alichokiacha darasa la kwanza. "Baba, mama wangu yuko wapi?"

Leonard alimfungulia mikono. Alimweleza kila kitu sikioni, kwa ufupi, huku akisikia mabega ya binti yake yakipanda na kushuka. Alitegemea kufokewa. Haika hakufoka. Alikaa mkekani karibu na baba yake, akaiweka simu kati yao, wakaitazama wote wawili.

Jua la Juni halitui mapema London. Saa kumi na mbili ilikuja na kupita, mwanga ukabaki dirishani ule ule, mabasi yakaendelea kuhema kituoni. Sasa yuko ndani, Leonard aliwaza. Sasa yuko kwenye ngazi. Sasa ametoka. Hapana, bado. Ambrose alianzisha rozari, kwa kuwa, alisema, sala haipotei kwa kukosea sababu, na watu wakaitikia kwa sauti za chini, za watu wasiojua wanamwombea aliye hai au marehemu.

Simu ililia katikati ya fumbo la tatu.

Leonard aliidondosha, akaiokota, akabonyeza pasipo penyewe, akabonyeza tena. Uso ukatokea: kofia ya majani, vumbi jekundu shavuni, macho ya Gaudensia.

"Baba Haika! Nimeingia! Nimeingia ndani ya zile..." Akasita. Alikuwa anatazama nyuma ya Leonard. "Mbona watu? Huyo si Ambrose? Mbona mmekaa chini? Yesu na Maria, nani amekufa?"

"Wewe," alisema Leonard.

Nyumba ililipuka. Aikaeli alipiga kigelegele na mwiko juu, wengine wakalia sasa kilio walichokuwa wamekiandaa, Ambrose akajifuta uso kwa tai. Haika aliibusu simu. Ilimchukua Gaudensia muda kuelewa, na alipoelewa alicheka hadi kofia ikamwanguka.

"Na mlinipikia nini?"

"Ndizi na nyama!" Aikaeli alipaza sauti.

"Basi nimekufa vizuri."

Akataka wasikilize. Alizungumza haraka, kama mtu anayeogopa kwamba yaliyomo kifuani yatamwagika. Dari ya pango bado ina masizi, alisema, meusi yale yale ya jikoni kwa mama yake. Kuna mawe ya kusagia yaliyolika katikati, na ukipiga magoti mbele yake, magoti yanajua pa kukaa. Magunzi ya mahindi ni madogo kama kidole. Na kwenye udongo wa ukuta, kati ya jiwe na jiwe, kuna alama za vidole. "Vidole vyembamba, vya mwanamke. Alikandika, akaenda zake. Nimeweka changu karibu, sijagusa." Yule dada aliyewaongoza alikuwa mjukuu wa watu wale wale. Aliwaambia wasiseme watu wametoweka. Mvua ilikatika, wakahama, na wajukuu wao wapo hadi leo. Kabla ya kuingia alisalimia kwa lugha ya kwao.

"Nami nikasalimia kwa yetu," Gaudensia alisema. "Jane akanishangaa."

Leonard alisikiliza, lakini sikio lake lingine lilikuwa kwenye pumzi. Na aliisikia, ile ile, fupi, katikati ya sentensi.

"Mama Haika. Kiboksi chako kiko hapa."

Sauti ya Jane ilisikika pembeni, kwa Kiingereza, ikimwambia: mweleze, la sivyo nitamweleza mimi.

"Nilipofika juu ya ngazi," alisema polepole, "macho yaliingia giza. Kidogo tu. Yule dada alinikalisha kivulini, akaniwekea maji kichwani, wengine wakazunguka. Ndiyo maana niliona vile vidole. Nilikuwa nimekaa mbele yavyo. Nimetoka kwa kutambaa, Jane nyuma, dada mbele. Sasa tumefika mjini. Jane amenileta zahanati, nimekataa kuingia kabla sijakupigia."

Leonard alikuwa na maneno mengi, aliyokuwa ameyaandaa tangu asubuhi: nilikwambia, nilikukataza, rudi. Yalikuja yote kwa pamoja hadi kwenye meno.

"Ulifanya vizuri kupanda," alisema. "Mimi ndiye niliyefanya vibaya. Nilikwambia 'haya' tu."

"Nilisikia ulichosema."

"Nilitaka kusema nenda salama."

Gaudensia alimtazama kupitia kioo kile kidogo, kutoka upande wa pili wa dunia, na hakutania.

"Basi sema."

"Nenda salama, mke wangu. Ingia kwa daktari. Na simu usiikate."

Wambui aliinama juu ya bega lake, akataja jina la dawa na kipimo chake, mara mbili, ili Jane aandike. Kisha picha ikayumba: Gaudensia alikuwa anatembea na alisahau kuielekeza simu usoni. Leonard aliona anga tupu, buluu kali isiyo na wingu, halafu lami, halafu ncha za viatu vyake vyenye vumbi jekundu vikitokea na kupotea, kimoja, kingine. Nyuma yake watu walianza kupakua. Mtu alimpa sahani, akaishika bila kuitazama.

"Umefika?"

"Bado. Kula."

"Nakula," alisema Leonard, na hakula. Vile viatu vilisimama, vikahema, vikaanza tena.

"Sasa je?"

"Naona mlango," alisema Gaudensia. "Nisindikize."